Silabi za Mwajuma

Jumamosi, 14 Juni

Kipindi kimeisha salama. Nusu saa, nyimbo tano, saa kumi jioni kama kila Jumamosi. Upepo umevuma tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka studio. Nimekunywa chupa mbili za maji hewani.

Kila wiki lazima nieleze upya. Hakuna mtu aliyesimama mbele ya maikrofoni. Mtunzi anaandika maneno na noti kwenye kompyuta, programu inaimba. Mwimbaji wa bandia. Na kila wiki yupo anayetuma ujumbe kuuliza kama ni uchawi.

Nimeanza na "Siku ya Usaili", wa kijana mmoja anayefyatua matofali huku kwetu Ihumwa. Nimewapendekezea wote waliomaliza chuo na wana shati moja la kwendea usaili. Mwimbaji wake katengenezwa Japani, hajui neno la Kiswahili, ila anatamka vizuri kwa sababu silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu. Kwenye ng'ombe tu ndiyo alikwama. Kijana akamtoa ng'ombe kwenye wimbo, akaweka mbuzi.

Halafu "Chumba Namba Sita". Nimewaambia wanaoishi mbali na mama zao wasiusikilize wakiwa wagonjwa. Nyingine mbili za kawaida, nilizipenda zaidi wiki iliyopita.

Wa mwisho, "Ufunguo Chini ya Jiwe", wa Gifti, binti wa Msalato. Anayeimba ni Kipusa. Kipusa nilimtengeneza mimi. Binti anamwachia mpenzi wake ufunguo wa chumba chini ya jiwe, kisha anahesabu hatua anazozisikia nje. Wimbo mzuri kuliko wote niliowahi kuupendekeza. Nilisema hivyo hewani na nilimaanisha.

Ujumbe ukamiminika. Mmoja aliuliza, huyo dada ni mtoto wa nani? Nikacheka. Nikasema Kipusa hana mama wala baba.

Jumatatu, 16 Juni

Mama Foibe, meneja wetu, kaniita ofisini. Nilidhani ni lawama. Anataka kipindi kiwe saa nzima kuanzia mwezi ujao. Anasema kwa mara ya kwanza vijana wanapiga simu redioni bila kuomba salamu.

Wimbo wa Gifti uko kila mahali. Kijiwe cha bodaboda, saluni, duka la simu. Sauti ya Kipusa ni laini, ina mkwaruzo mdogo mwishoni mwa neno, kama mtu aliyetoka kulia au kucheka, hujui kipi.

Najua mkwaruzo huo umetoka wapi. Sijamwambia mtu.

Jumatano, 18 Juni

Ujumbe kutoka kwa Mwajuma. Miezi mingi hatujaandikiana. Tulilala chumba kimoja chuoni miaka mitatu. Sasa anafundisha darasa la tatu kwao Kondoa.

"Debora, naomba unipigie. Ni kuhusu sauti yangu."

Sikupiga. Nimepanga nyimbo za Jumamosi, nimefua, nimeosha hata sufuria ambazo hazikuwa chafu. Naogopa.

Alhamisi, 19 Juni

Nimempigia saa sita mchana. Naandika kama ilivyokuwa ili nisije nikaipunguza baadaye.

"Habari za siku, Mwajuma?"

"Nzuri. Ule wimbo wa ufunguo. Ile ni sauti yangu?"

Ningeweza kusema hapana. Neno lilishafika mdomoni.

"Ni yako."

Nilisikia kuku wa kwao.

"Kaka Idi alikuja nao kutoka stendi," akasema. "Akauwasha tunakula. Akaniuliza mbele ya baba, umerekodi lini? Nikasema si mimi. Kisha nikasikiliza vizuri, nikajisikia mwenyewe. Nilijiona mwongo, Debora, na sikusema uongo."

Nilianza kueleza kuhusu programu. Akanikatiza.

"Nilikusomea ba be bi bo bu kwa ajili ya kazi yako ya chuo. Ukapata alama zako. Ule wimbo mimi sijauimba."

Mwalimu mkuu kamwita, likizo hii hii, kamuuliza kama anaimba kwenye baa za Dodoma. Wazazi wawili wameshasema. Kubwa zaidi ni Hamisi, mchumba wake. Posa ilishajibiwa. Sasa shangazi yake Hamisi, aliyemlea, anasema mambo yasimame kwanza mpaka ijulikane huyu binti anamwimbia nani huo ufunguo.

"Hamisi mwenyewe anasemaje?"

"Anasema ananiamini. Ila anasema akiwa ameinamisha macho."

Nikamwambia samahani. Akasema ahsante, akakata.

Ijumaa, 20 Juni

Sikufanya ubaya. Niliandika hivyo asubuhi kwenye karatasi nyingine, nikaichana.

Ukweli ni huu. Mwaka wa mwisho wa chuo. Tuliegemeza magodoro mawili dirishani ili kelele zisiingie. Mwajuma akasoma silabi zote za Kiswahili, moja moja, kwa sauti ya chini, ya kati na ya juu. Alichoka, akaendelea kwa sababu nilimwomba. Nikazifungasha zikawa mwimbaji. Nikapewa alama nzuri. Mwaka uliofuata nikamweka Kipusa mtandaoni, bure, kila kijana amtumie. Nilijisifu kwamba ndiye mwimbaji wa bandia wa kwanza ninayemjua anayeweza kusema ng'ombe.

Sikumuuliza. Hata haikunijia kwamba kuna kitu cha kuuliza. Hilo ndilo baya lenyewe.

Nimehesabu. Nyimbo kumi na nne, watunzi tisa. Sita nilizipendekeza mimi.

Jumamosi, 21 Juni

Leo sikumweka Kipusa hata mara moja. Sikueleza kwa nini. Vijana wamelalamika kipindi kizima. Ufunguo uko wapi? Nikajibu kwamba tunawapa nafasi wengine.

Uoga mtupu. Nimejichukia njia nzima kurudi nyumbani.

Jumatatu, 23 Juni

Nimemwambia Mama Foibe kila kitu. Nimeomba wimbo utolewe redioni kabisa, na nyingine zote za Kipusa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha:

"Debora mwanangu, sauti si mtu. Mtu yuko Kondoa anapika ugali wake."

"Ndiyo maana analalamika, mama. Yuko."

"Kuna aliyejua ni yeye?"

"Kaka yake. Mwalimu mkuu. Wakwe."

"Hao ni Kondoa. Sisi tuna wasikilizaji Dodoma nzima." Akavua miwani. "Mwaka mzima umenisumbua nikupe muda zaidi. Nimekupa. Usinivunjie kipindi kwa sababu ya watu watatu."

Nikamwambia nitafikiri. Lakini nilishaamua nikiwa bado nimekaa kwenye kiti chake.

Nimerudi nyumbani nikamtoa Kipusa mtandaoni. Nimewaandikia watunzi tisa, kila mmoja barua yake. Nimewaeleza nilichofanya na nani amekosewa, mwalimu mwenye mchumba, bila kutaja jina. Nimewaomba waondoe nyimbo, wasubiri.

Wasubiri nini, sijui bado.

Jumatano, 25 Juni

Sita wamekubali. Mmoja kaniita mpumbavu, kisha akakubali, nikahesabu hapo. Wawili kimya. Gifti amekataa.

Kesho naenda Msalato.

Alhamisi, 26 Juni

Gifti anakaa kwa dada yake, anasuka nywele kibarazani. Ana miaka ishirini na moja. Alikuwa na mteja, kwa hiyo tumezungumza huku mikono yake ikienda, na mteja akisikiliza kila neno.

"Miezi mitatu, dada Debora. Kompyuta ya kuazima. Kila mstari nimeurudia mpaka Kipusa akapumua mahali ninapotaka. Leo unaniambia nifute?"

"Ndiyo."

"Kwa sababu mchumba wa mtu ana wivu?"

"Kwa sababu mwenye sauti hakuombwa."

"Mimi nilijua? Wewe ndiye uliyesema hana mama wala baba. Nilikusikia hewani."

Yule mteja aligeuka kunitazama, Gifti akamrudisha kichwa.

Alisuka mistari miwili mizima. Kisha akauliza, taratibu, kama mwenye sauti ni mwalimu kweli. Nikasema ndiyo, wa darasa la tatu. Akauliza kama watoto wake wanausikia wimbo. Nikasema bila shaka, wanausikia.

"Sikuutunga kwa ajili ya kumwaibisha mtu."

"Najua."

"Basi nipe sauti nyingine. Ya Kiswahili, inayopumua. Siwezi kumpa Mjapani wimbo huu, ataua ule mstari wa ng'ambo ya korongo. Nipe sauti, mimi nitafuta leo leo."

Nikamwambia atapata. Nilimwahidi kabla sijajua nitaipata wapi. Nilipofika barabarani nilishajua.

Jumamosi, 28 Juni

Nimesema hewani. Dakika nne. Nilikuwa nimeandika, ila karatasi sikuitazama.

Nilisema: wiki mbili zilizopita niliwaambia Kipusa hana mama wala baba. Si kweli. Sauti ile ni ya mtu, ana mama na baba, ana kazi na heshima yake. Alinisaidia nikiwa mwanafunzi na mimi nikamgawa bila kumuuliza. Hakuimba hata mmoja kati ya nyimbo mlizosikia. Aliyekosea ni mimi. Mwenye wimbo wa Kipusa kwenye simu yake, namwomba aufute.

Niliona Mama Foibe kasimama nyuma ya kioo. Hakufanya ishara yoyote. Nikapiga "Siku ya Usaili" na nyingine mbili, nikafunga.

Kaniambia kipindi kimesimamishwa. Muda utajazwa na matangazo ya samani. Nilipofika mlangoni akaongeza kwamba nimezungumza vizuri. Sikujua nimshukuru au vipi. Nimetoka.

Sijutii.

Jumatatu, 30 Juni

Kurekodi. Chumba changu, magodoro mawili dirishani, blanketi mlangoni, baridi ya Juni imejaa ndani. Ba be bi bo bu. Cha che chi cho chu. Mba, nda, nja, ng'a. Treni ikipita nasimama. Kuku wakigombana nasimama.

Mama kagonga mlango kuuliza kama nina homa.

Sauti yangu si nzuri. Nzito, bapa, na nikichoka ra inakuwa la, kama bibi yangu. Silabi za ra zimenichukua asubuhi nzima. Nimefikiria sana alivyosoma Mwajuma siku ile, midomo imekauka, na mimi nikimwambia bado kidogo, bado kidogo. Sikumpa hata maji. Nakumbuka kwa sababu yeye ndiye aliyeniletea mimi.

Jumatano, 2 Julai

Imekamilika. Sikumtafutia jina la kupendeza. Nimemwita Debora wa Ihumwa. Nimeandika juu kabisa: sauti hii ni ya Debora mwenyewe, ameitoa kwa hiari, akikwambia uache utaacha.

Nimewatumia watunzi wote. Gifti kajibu baada ya saa mbili. "Dada, hii sauti ina mafua." Baada ya saa nyingine: "Lakini inapumua." Kisha akanitumia picha kuonyesha kwamba Ufunguo wa Kipusa ameshaufuta.

Wale wawili bado kimya. Na nakala zilizo kwenye simu za watu sitazikusanya kamwe. Hilo lazima nimwambie Mwajuma nikimtazama usoni, si kwa simu.

Jumamosi, 5 Julai

Kondoa. Basi la asubuhi, kompyuta mapajani njia nzima.

Mama yake Mwajuma kanipokea mlangoni. Shikamoo mama. Marahaba, karibu. Hakuniuliza habari za nyumbani, na zamani aliuliza mpaka za mbuzi.

Mwajuma amekonda. Nikamwambia moja kwa moja: nimefuta ninachoweza, watunzi wawili hawajajibu, nakala kwenye simu za watu hazitarudi. Akasikiliza kama mwalimu anayesikiliza mtoto akisoma.

"Ahsante kwa kutonidanganya," akasema. "Sasa twende."

Nyumbani kwa shangazi yake Hamisi. Mama mtu mzima, mrefu, anauza vitambaa sokoni, anamtazama mtu kama anapima mita. Hamisi alikuwepo, kakaa pembeni. Nikaamkia. Shangazi akasema nieleze, na nisilete Kiswahili cha redio.

Nikafungua kompyuta. Nikamsikilizisha kwanza rekodi za Mwajuma zenyewe. Ba. Be. Bi. Hakuna wimbo ndani yake, ni binti anasoma kama darasa la kwanza. Kisha nikaeleza jinsi silabi zinavyounganishwa. Hakuamini.

"Unganisha nione."

"Nitatumia sauti yangu, shangazi. Sipendi kutumia yake tena."

"Tumia yako."

Nikaandika maneno mbele yake, herufi kwa herufi, nikaweka noti. Nikabonyeza. Nilikuwa nimefunga mdomo, naye alikuwa akinitazama mdomoni, kompyuta ikaimba kwa sauti yangu: Shangazi, chai yako ni tamu.

Aliruka kidogo. Akaomba irudie. Akanishika kidevu kwa vidole viwili, akasema rudia. Ikarudia. Hamisi alicheka, akajizuia.

"Inaweza kuimba tusi?"

"Inaimba chochote kinachoandikwa."

"Na mwenye sauti hajui?"

"Hajui mpaka asikie."

Alikaa. Akaifunika kompyuta kwa upande wa khanga yake, kama mtu anayefunika chakula.

"Kwa hiyo huyu hakuimba."

"Hakuimba."

"Basi aliyekosa ni wewe."

"Ni mimi, shangazi."

"Mbele ya watu ulisema?"

"Nilisema redioni. Kipindi kimesimamishwa."

Akamgeukia Mwajuma. Akamwita mwanangu. Akasema alisikia mambo akayaamini haraka, na kwamba yeye mwenyewe ataenda kwa mwalimu mkuu Jumatatu, na atakayeleta neno sokoni atajibiwa na yeye. Hamisi aliinua macho. Nilimwona. Mwajuma pia alimwona.

Tuliporudi, Mwajuma alitembea mbele yangu. Stendi akaniambia safari njema. Hakunikumbatia. Kabla sijapanda akasema:

"Zile silabi nazitaka. Zote. Kwako isibaki hata moja."

Jumamosi, 12 Julai

Mama Foibe kanirudisha hewani. Robo saa, saa nane mchana, wakati watu wanasinzia. Nimechukua.

Nyimbo tatu. "Mstari wa Maji", wa mapacha wawili wa Ihumwa, kwa yeyote aliyewahi kupendana na mtu kwenye foleni ya bomba. "Barua kwa Boda", usikilizwe ukiwa umekaa, si barabarani. Na Ufunguo wa Gifti, mpya. Nilitaja mtunzi na mwenye sauti kwa kila mmoja. Kwa wa tatu nilisema, mwenye sauti ni mimi, na niliombwa.

Sauti yangu kwenye ule wimbo si laini. Binti wa ufunguo sasa anasikika kama mtu mwenye haraka, aliyechoka kuhesabu hatua. Gifti kabadilisha mstari wa mwisho: binti anatoka, anauchukua ufunguo wake mwenyewe chini ya jiwe, anaenda kazini. Nadhani ni wimbo bora kuliko ule wa kwanza. Wasikilizaji hawadhani hivyo. Ujumbe saba tu. Nimeusoma kila mmoja.

Watunzi wawili wa mwisho, mmoja kafuta. Mwingine nitaendelea kumwandikia kila Jumatatu mpaka achoke yeye.

Jumatano, 16 Julai

Nimenunua flashi mpya. Nimehamisha silabi zote za Mwajuma, za chini, za kati na za juu. Nimehakiki mara mbili. Kisha nimefuta kwenye kompyuta, kwenye diski ya akiba, na kwenye simu ya zamani iliyokuwa kabatini.

Nimeiweka flashi kwenye bahasha, nimeandika jina lake lote na Kondoa, nimempa kondakta wa basi la saa nne. Nikamwomba aikabidhi mkononi, si kuiacha dukani.

Mchana nimechambua mchele na mama. Upepo umetulia. Hatukuwasha redio.

Saa kumi na nusu Mwajuma kaandika.

"Imefika. Ndoa ni mwezi wa nane."

Hakusema nije. Hakusema nisije.

Nimejibu: "Hongera, Mwajuma." Kisha nimeenda kuanua nguo kabla umande haujashuka.